Kabla ya suti, kuna simu

Mwaka jana, katika ofisi ninayofanya kazi hapa Dar es Salaam, nilipewa jukumu la kuwapigia waombaji wa nafasi ya karani wa stoo. Maombi tulishayachambua, yakabaki majina tisa. Nikadhani sehemu ngumu imekwisha.

Wa kwanza alipokea kwa kuuliza, "We nani? Namba yangu umeitoa wapi?" Sikumlaumu. Nchi hii nani hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Matapeli wa ajira nao hawalali: wanakupigia, wanakutajia kazi nzuri, kisha wanataka hela ya fomu au ya "kushughulikia" jina lako. Kijana ana haki ya kuwa macho. Lakini nilipojitambulisha na kutaja nafasi aliyoomba, alijibu, "Kazi gani hiyo? Mimi nimeomba nyingi." Hapo ndipo aliponiangusha moyo, maana karatasi zake zilikuwa nzuri kuliko za wengi.

Vijana wetu tunawahimiza mno kuhusu suti. Nawafahamu waliokopa ili waende kwenye usaili na viatu vipya, ilhali shati safi la mtumba lililopigwa pasi lingetosha kabisa. Kuhusu simu hatuwaambii neno, na simu ndiyo mlango wa kwanza. Nunua daftari dogo. Kila unapotuma maombi andika tarehe, ofisi na nafasi. Namba ngeni ikiita, toka kwenye kelele, sema, "Habari, naitwa fulani, nakusikiliza." Ukishajua ni nani, uliza usaili ni lini, ni wapi, uje na nini. Akikutaka hela, kata.

Picha ya WhatsApp nayo itazame upya, kwa sababu wengi hutumiwa maelekezo ya usaili humo humo.

Halafu kuna wadhamini, yaani watu wanaokufahamu na wanaoweza kukuelezea kwa mwajiri. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira za serikali, hutaka watatu, wenye mawasiliano ya uhakika, na ofisi nyingi binafsi zimefuata mtindo huo. Mdhamini mmoja niliyempigia aliniuliza, "Nani huyo?" Ilibidi nimtajie chuo na mwaka ndipo akamkumbuka mwanafunzi wake, kwa aibu kubwa. Alikuwa mtu mwema, hakuna aliyemwambia tu kwamba jina lake limeandikwa mahali. Mpigie mwalimu wako kabla hujamwandika. Msalimie, mwambie unatafuta kazi ya aina gani.

Na majina yako mwenyewe yakague. Kwenye cheti cha kuzaliwa uko hivi, cha kidato cha nne umeongezwa herufi, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la babu. Wanaoitwa kwenye usaili wa serikali huambiwa waje na vyeti halisi, na ambaye majina yake yanatofautiana awe na hati ya kisheria ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Nauli, chakula na malazi ni juu ya msailiwa. Mtu amechangiwa nauli na ndugu, amelala njiani, kisha anazuiwa mlangoni kwa sababu ya herufi moja! Hili linaniuma kuliko yote, kwa kuwa lingerekebishwa miezi mingi kabla.

Jambo moja nalipinga waziwazi. Kuna wanaowafundisha vijana kwamba "shikamoo" si ya kikazi, kwamba ukiingia kwenye chumba cha usaili uiache nje. Kwa nini? Ukimkuta mzee wa umri wa baba yako, mwamkie, kisha kaa ulipoonyeshwa na ujibu maswali. Sijawahi kuona aliyepunguziwa alama kwa adabu.

Kijana tuliyemchukua hakupokea simu yangu. Baada ya kama nusu saa aliniandikia: "Habari za mchana. Nimekuta umenipigia, nilikuwa kwenye bodaboda. Naitwa fulani, kama ni kuhusu nafasi ya stoo niliyoomba tarehe 4, napatikana sasa." Siku ya usaili alivaa shati la buluu lililopauka kwenye kola, mikono imenyooshwa vizuri. Nilipomwomba vyeti, alivitoa vyote kwenye bahasha moja, vimepangwa kwa miaka.