Msitu nao hubishiwa hodi

Tulipofika ukingoni mwa Ngosi, lile ziwa la mlimani huku Mbeya, mgeni wangu mmoja alivua viatu. Ni mtu mzima, mwenye kazi yake nzuri Dar es Salaam, na alikuwa ameupanda ule mlima kwa taabu, akishika mizizi na kuteleza kwenye tope. Akasimama peku kwenye majani mabichi, akafumba macho, akanyosha mikono kuelekea ziwa lililolala chini kule, akasema anasikia ardhi inamchaji. Mwenzake akawasha spika ndogo aliyopanda nayo, ikatoa muziki wa filimbi na kengele, eti kumsaidia. Mzee aliyetuongoza kutoka Isongole akatazama pembeni. Kisha akainama, akaokota chupa ya plastiki iliyoachwa na wageni wa siku nyingine, akaitia mfukoni.

Sikucheka, maana hata mimi nikifika pale kitu hunishika. Unatoka kwenye mianzi na migomba mwitu, jasho likikutiririka, mara dunia inakatika mbele yako. Chini kuna maji ya kijani yasiyosikika hata mlio. Hakuna mto unaotoka ndani ya ziwa lile. Maji yake hupenya chini kwa chini. Na ukingo unaokanyaga ni mdomo wa volkano iliyowahi kulipuka ndani ya miaka elfu moja iliyopita, yaani jana tu kwa hesabu za milima. Anayesema pale hasikii chochote, nadhani ana haraka ya kushuka.

Ninachobishana nacho ni hilo neno kuchaji. Siku hizi limeenea. Watu wanakuja Mbeya, wanakwenda Kitulo kwenye maua, wanakwenda Matema ufukweni, wanarudi mjini wakisema wamechaji. Mitandaoni kuna wanaouza mawe ya rangi yenye nguvu za ardhi, na wengine wanafundisha namna ya kuzivuta nguvu hizo kupitia nyayo. Sina ugomvi na mtu kuvua viatu. Ila simu haina deni na soketi. Ikijaa inachomolewa, inaondoka zake. Uhusiano wa namna hiyo na ardhi ni uhusiano wa kuchukua tu, hata ukiupigia filimbi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmoravian kwelikweli, wa kanisa lililoingia Rungwe mwaka 1891. Kitambaa cheupe kichwani, Jumapili hakosi. Lakini njia ya kwenda shambani kwake ilipita kando ya kichaka cha miti mikubwa ambayo hakuna mtu aliyeikata. Tukikaribia, bibi aliacha kuzungumza. Hakunieleza kwa nini. Hata kama alikuwa katikati ya hadithi tamu ya jirani na mbuzi wake, hadithi ilikatwa pale kwenye mti wa kwanza, ikaendelea baada ya mti wa mwisho. Kuni zilizoanguka humo zilioza humohumo, na kijijini watu walitembea mbali kutafuta kuni. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, kwani humu kuna nani?" Akanijibu bila kunitazama: "We mwana, unauliza kuna nani, na umeshaingia na kelele?"

Ndilo jibu pekee nililopata kwa miaka yote niliyoishi naye.

Nimelitafakari sana jibu lile, na naona bibi alikuwa anazungumzia hodi. Kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua hodi. Unapiga, unasubiri, unapiga tena, na ukipiga mara tatu bila kuitikiwa unaondoka. Ukibisha hodi umekiri kwamba nyumba si yako na kwamba waweza kukataliwa. Mgeni wangu wa Ngosi hakuwa na wazo la kukataliwa. Aliingia kama mtu aliyelipia tiketi, na kusema kweli alikuwa ameilipia.

Wanaocheka habari za nguvu za ardhi nao niwaambie kitu. Huku kwetu nguvu hizo si lugha ya mafumbo. Mlima Kyejo ulimwaga ujiuji wake wa moto takribani mwaka 1800, na kumbukumbu ya tukio hilo ilihifadhiwa midomoni mwa watu kabla mtaalamu yeyote hajafika na nyundo yake. Kule Songwe kuna chemchemi za maji ya moto. Wataalamu wa jotoardhi wamekuwa wakipima Ngosi na Kiejo-Mbaka, wakitafuta mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Nguvu zipo, na tena zina nyuzijoto.

Halafu kuna yale mabonde. Utotoni tulikatazwa kushuka kwenye vibonde fulani, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo. Tuliambiwa ni mahali pa wenyewe. Tuliona ndege wamekufa chini bila jeraha, na mara moja mbuzi wa mtu. Nilipofika sekondari nikajifunza kuwa chini ya milima yetu hutoka gesi ya kabonidayoksaidi, baridi, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa. Usiku ukitulia inajaa kibondeni kama maji kwenye bakuli, na anayeinamisha kichwa humo hapati pumzi. Gesi hiyohiyo huvunwa Rungwe, ikasafirishwa kwenda kutia povu kwenye soda. Mwalimu alitueleza hayo kwa furaha ya mtu anayewatoa watoto gizani. Mimi nilibaki najiuliza mzee aliyesema "pana wenyewe" alikosea wapi. Alijua mahali, alijua saa, alijua hali ya hewa, alijua kinachotokea kwa asiyesikia. Jina tu ndilo lililotofautiana. Na sisi watoto tusingeiogopa kabonidayoksaidi hata kidogo.

Kama hilo halitoshi, mtazame kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani huyu, na watafiti waliosikia habari zake hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni kiumbe cha hadithi, kwa kuwa huku kwetu misitu ina viumbe wa aina zote mbili. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho Mlima Rungwe. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakamkuta Ndundulu, upande wa Iringa kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa, na mwaka 2006 akapewa jenasi, yaani kundi la kisayansi, yake peke yake. Ilikuwa miaka 83 tangu Afrika itoe jenasi mpya ya nyani. Hesabu iliyofanywa baadaye ilipata zaidi kidogo ya 1,100 tu. Mnyama wa urefu wa mtoto wa chekechea, mwenye mlio ulio kati ya honi na mbweko wa mbwa, aliishi juu ya vichwa vya watu waliomjua kwa jina, huku vitabu vikiwa kimya. Nikisikia mtu anasema wazee walikuwa wanaota tu, namkumbuka kipunji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa limenifanya niandike.

Wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa miaka ya 1930 waliandika kwa kirefu jinsi ibada za pale zilivyokuwa, na wazee niliowauliza hawakuwapinga. Watu wakikutana kuomba mvua au afya, hawakuanza na maombi. Walianza na ugomvi. Mwenye kinyongo na ndugu yake alitakiwa akiseme mbele ya wote: ulinidhulumu ng'ombe, ulinisema vibaya kwenye msiba. Akishasema anapuliza maji kutoka mdomoni, ishara kwamba hasira imetoka. Aliyenyamaza na hasira yake ndiye aliyeharibu ibada. Mvua isingesikiliza watu wanaosema maneno matamu huku matumbo yanachemka.

Nadhani ndiyo sababu neno imbepo kwa Kinyakyusa hubeba upepo na baridi, na waliotafsiri Biblia walilichukua kutaja Roho. Kiswahili nacho kina upepo, kina pepo, kina peponi. Pumzi ya watu waliokasirika ilihesabiwa kuwa na uwezo wa kumtia mtu baridi akaugua. Kwa hiyo njia ya kwenda kwa abasyuka, yaani wazee waliotangulia walioko chini ya ardhi, ilipita kwa jirani unayemdai. Hakukuwa na njia ya mkato ya kwenda milimani peke yako, ukafumba macho, ukasikia utulivu, ukarudi nyumbani na deni lako lilelile.

Jaribu kuitangaza huduma hiyo mtandaoni: wikendi ya kuungana na asili, siku ya kwanza kila mtu anaeleza anavyomchukia shemeji yake. Hutapata hata mteja mmoja.

Lakini nisiwe mnafiki wa kuyapamba ya kale. Kule Lubaga, kwenye kichaka kilichoheshimiwa kuliko vyote, aliishi Lwembe, mtawala ambaye rutuba ya nchi iliaminiwa kukaa mwilini mwake. Akiugua sana hakuachwa afe kwa amani. Waliomzunguka walimziba pumzi, na kabla hajakata roho waling'oa nywele na kucha zake, wakazizika kwenye tope la mto ili chakula kisiikimbie nchi. Aliyeteuliwa kurithi nafasi hiyo hakuwa na sababu ya kushangilia. Sitaki kurudi huko, na anayekuja na simulizi laini ya mababu walioishi na ardhi kama maharusi, hajakaa na wazee. Waliiogopa. Mapenzi yalikuwepo, lakini woga ulitangulia. Hata jina Kyala, tunalomwitia Mungu kanisani Rungwe, zamani lilikuwa la shujaa mwenye pango lake kando ya Ziwa Nyasa, ambaye watu walimpelekea sadaka wakimsihi aende zake. Mchungaji mmoja aliniomba nisiliandike hilo. Samahani, baba mchungaji.

Ninachokitaka kutoka kwa wazee ni kidogo: miko. Miko ni kitu ambacho hukifanyi ingawa hakuna anayekuona. Wabena wa Njombe bado wana Nyumbanitu, msitu usioingiwa bila wazee, na kuku weusi wa humo ambao hakuna anayethubutu kuwatia chunguni. Iringa mjini wana Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe lisemalo, na inasimuliwa Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari. Siku hizi watu hupanda kupiga picha jua likizama. Sijui kama jiwe lile bado linapata nafasi ya kusema.

Serikali nayo ina miko yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria nzuri. Ila nenda katembee kando ya vijito kuanzia milima ya Uporoto hadi Njombe uhesabu mikaratusi, na viazi vilivyolimwa mpaka kwenye mdomo wa chemchemi. Maji ya Uporoto ni miongoni mwa yanayoshuka bonde la Usangu kuulisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi. Kichaka cha bibi hakikuwa na bango wala mita. Kilikuwa na kimya, na kile kimya hakuna aliyekivuka.

Nasema "kilikuwa". Hapa inabidi niteme maji yangu.

Bibi alipofariki, shamba lile lilikuja kwetu wajukuu, na mimi ndiye niliyekuwa na vihela. Nikaambiwa nguzo za umeme zina bei, miti inakua haraka, miaka kumi unavuna. Nikapanda mikaratusi bondeni, juu kidogo tu ya chemchemi, kwa kuwa pale ina maji na inakua vizuri. Kichaka chenyewe sikukigusa, nilikuwa na adabu kiasi hicho. Niliwaachia vijana wa kazi, nao hawakulelewa na bibi. Walitoa miti michache pembeni kupata njia ya toroli, kisha mingine. Niliona picha kwenye simu, nikasema sawa. Mjomba wangu hakuniambia kitu kwa miaka sita. Kila nikienda alinikaribisha, tukala mbalaga, chakula chetu cha ndizi, tukazungumza siasa. Nilidhani hana neno.

Mwaka jana Agosti, baada ya ile safari ya Ngosi, nilimpeleka mgeni wangu wa peku kwa mjomba kunywa chai. Akamsimulia mjomba alivyosikia ardhi inamchaji. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kinyakyusa ili mgeni asielewe: "Na wewe, ile yetu ya bondeni uliinyonya lini mara ya mwisho?"

Asubuhi yake nikashuka peke yangu. Mikaratusi imesimama safi, mirefu, hakuna ndege. Bomba la chemchemi ambalo zamani lilijaza ndoo kabla hujamaliza kusalimia, sasa linatoa uzi. Nimeshakubaliana na mjomba kwamba ile ya karibu na maji tunaitoa, hata kama haijafikia nguzo. Ndugu zangu wawili hawataki kusikia, na kikao bado.

Nilisimama pale muda. Nikajikuta nimevua viatu, nikaona aibu, nikavivaa. Halafu, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikasema hodi. Kwa sauti kabisa.

Nyuma yangu kulikuwa na binti wa jirani, kama miaka tisa, amekaa juu ya dumu la lita ishirini.

"Karibu, shikamoo," akasema. "Ila foleni inaanzia kule."