Acheni kuiita Kagera kitovu cha maradhi

Juzi redioni mtangazaji kauita tena mkoa wetu "kitovu cha maradhi". Nimekasirika, na bado nina hasira.

Neno hilo tumezoea kulisikia kwenye habari za matetemeko, basi turudi huko. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipotupiga, kitovu kilitajwa upande wa Nsunga, Missenyi. Lakini mwamba haukukatikia Nsunga. Ulikatika kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi. Kitovu ni ile sehemu ya juu tu, iliyo wima na pale ulipokatika. Tulizika watu 17. Ihungo na Nyakato, shule walizosoma baba zetu, zikaharibika vibaya. Waliokufa waliuawa na kuta zilizojengwa bila nondo wala lenta, na sijasikia mtu yeyote akiwalaumu watu wa Nsunga.

Likihamia kwenye maradhi, neno hilohilo linageuka hukumu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi ukisema kwenu ni Bukoba watu walikutazama kwa jicho la pembeni. Kumbe kirusi kilishazunguka Afrika ya Kati miongo kadhaa kabla ya hapo. Madaktari wetu walikiona, wakasema. Machi 2023 ikaja Marburg, Bukoba Vijijini, na mhudumu wa afya akawa miongoni mwa waliokufa. Kirusi cha Marburg hukaa kwa popo wa mapangoni, na popo hana habari na mipaka ya mkoa. Neno likarudi vilevile, likabandikwa kwa watu waliokuwa msibani.

Kariakoo kuitwa kitovu cha biashara, haya, nakubali, hakumdhuru mtu. "Tetemeko la kisiasa" nalo lipite, ingawa sisi tuliolala nje na watoto tukiogopa nyumba hutuchoma kulisikia.

Kwetu kitovu cha mtoto huzikwa nyumbani. Ukimuuliza mzee kitovu chake kiko wapi, anakutajia kwao. Ndiyo maana linauma zaidi likitumika hivi.

Wahariri, ugonjwa ukizuka tena tajeni kata, tajeni idadi ya wagonjwa, semeni kama zahanati ya pale ina glavu na maji. Hayo ndiyo tunayohitaji kuyasikia.