Pampu ya maji imekufa: itengenezwe au ifungwe mpya?

Juzi hapa Malindi, kwenye gereji moja nyuma ya soko, nilimkuta dereva wa Toyota Probox akibishana na fundi wake juu ya pampu ya maji, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, iliyowekwa juu ya gunia. Dereva alitaka itiwe beringi nyingine arudi barabarani siku ile ile. Fundi alikuwa hataki kusikia, yeye anataka mpya.

"Shika mwenyewe," fundi akamwambia. Puli, lile gurudumu linalovutwa na belti, ilicheza huku na huku. Chini ya shafti, mhimili wa pampu, pana kitundu kidogo, na ukingoni mwake palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi: kulanti, maji ya dawa ya kupoza injini, iliyovuja ikakauka. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, ili sili inayozuia maji kwenye shafti ikichoka, maji yatokee nje yasiingie kwenye beringi. Ukiona ukoko, sili imeshakwisha. Puli ikicheza, na beringi nayo imekwisha.

Dereva hakuwa akibisha ovyo. Spea halisi mara nyingi huagizwa Mombasa, mwendo wa kilomita kama 120, na siku gari lisipotembea nyumbani hakuingii kitu. Tena spea bandia zimejaa. Pampu halisi iliyopitia kwa mtu wa leth, mashine ya kuchonga vyuma, anayeijua kazi yake yaweza kuishinda bandia iliyotoka kwenye boksi sasa hivi. Hapo namuunga mkono kabisa. Na kutengeneza pampu si jambo geni. Za Land Rover za zamani zilifunguliwa, zikatiwa sili na beringi, zikaendelea kwa miaka. Kule Lamu, mashine nyingi za boti zina pampu ya maji ya bahari iliyoundwa ifunguliwe: unachomoa impela ya mpira, yaani lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, unatia nyingine, unang'oa nanga.

Lakini pampu ya Probox haikuundwa hivyo. Beringi na shafti ni kitu kimoja, kimeshindiliwa ndani ya bodi ya aluminiamu. Ukikigonga kitoke, tundu hulegea kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha beringi mpya isikamate. Impela nayo imeshindiliwa kwenye shafti. Ukiirudisha, ikiingia sana inakwaruza bodi; ikikaa mbali, inazunguka tu bila kuyasukuma maji vizuri. Fundi hodari anaweza kulipatia. Ila hutajua kama amelipatia mpaka uwe Matsangoni, njia ya Kilifi, saa saba mchana, gari limejaa watu, na mshale wa joto unapanda. Beringi ikikwama, belti ya pampu inaweza kukatika, na ndiyo hiyo hiyo inayozungusha altaneta inayochaji betri. Ukilazimisha kufika injini ikiwa imechemka, silinda hedi ya aluminiamu, kile kichwa cha injini, inapinda, na hapo utaiona bei ya pampu mpya kuwa ndogo.

Kwa Subaru zenye injini ya EJ sioni hata haja ya mjadala. Pampu inazungushwa na taiming belti, ile inayoziendesha valvu zipishane na pistoni. Ikikwama, belti inaruka au inakatika, na valvu zinaweza kugonga pistoni. Funga mpya, na belti ubadilishe hapo hapo, maana kazi ya kufungua ni moja.

Kwa Probox inayozunguka mjini tu, nitamwelewa anayetengeneza ili asogeze wiki mbili. Kwa gari la abiria la masafa, siwezi kumshauri mtu hivyo.

Kilichoniuma zaidi ni kitu ambacho hawakukigusa mpaka nilipouliza: rejeta ilikuwa ikiongezewa maji gani? Ya kisima, akasema dereva. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi, na chumvi inakula aluminiamu na kuacha magamba yanayosaga sili. Pampu mpya ikitiwa maji hayo itakufa kama hii. Inahitaji mfumo wote usafishwe, kisha itiwe kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi.

Dereva alinyamaza kidogo, akatoa simu akaagiza pampu ije na basi la jioni. Fundi alikuwa ameshafungua bomba la chini la rejeta, na maji yaliyomwagika kwenye karai yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa.