Matthew Lyon, mbunge aliyechaguliwa akiwa jela

Wanaomfahamu Matthew Lyon, mbunge wa jimbo la Vermont nchini Marekani, humkumbuka kwa mate. Januari 1798, bungeni Philadelphia, Roger Griswold wa Connecticut alimkejeli kuhusu upanga wa mbao, alama ya woga, naye akamtemea mate usoni. Wiki mbili baadaye Griswold akamvamia kwa bakora humo humo bungeni, Lyon akanyakua koleo la kwenye meko. Hoja ya kumfukuza Lyon bungeni ilikwama kwa kukosa theluthi mbili ya kura.

Kejeli ile ilichimbua vita vya uhuru wa Marekani. Lyon, kijana wa Ireland aliyefika Marekani mwaka 1764 na kutumika ili kulipia nauli ya meli, alijiunga na Green Mountain Boys, wanamgambo wa Vermont. Mwaka 1776 alifukuzwa jeshini baada ya askari wa kituo chake kuacha lindo. Kwamba baadaye alirudi kulitumikia jeshi, mahasimu wake hawakuona haja ya kulitaja.

Kwangu mimi, mate ni kichekesho tu. Kisa chenyewe ni jela. Julai 1798 Rais John Adams alitia saini sheria ya uchochezi, ikawa kosa kuandika uongo wa kumchafua Rais au Bunge. Makamu wa Rais, Thomas Jefferson, hakutajwa kabisa. Alikuwa wa upande wa upinzani, kama Lyon, kwa hiyo kumtukana ruksa! Sheria hiyo ilivaa joho la usalama wa nchi, lakini iliyemlinda ni aliyekuwa madarakani.

Barua ambayo Lyon alimsema Adams kwa kupenda makuu aliiandika Juni, sheria haijapita. Ilichapishwa ikiwa imeshapita, na hilo likatosha. Oktoba alihukumiwa miezi 4 jela na faini ya dola 1,000. Desemba, akiwa bado ndani huko Vergennes, wapiga kura wakamrudisha bungeni.

Simfanyi mtakatifu, ulimi wake ulikuwa mkali na mikono yake myepesi. Lakini wa kumpima mbunge kwa maneno yake ni waliomtuma, na wale walishampima. Februari 1801, Jefferson na Aaron Burr walipokuwa wamelingana kura za urais na Bunge kuachiwa kuamua, kila jimbo kura moja, ilikuwa duru ya 36 ndipo kura ya Lyon ilipoipeleka Vermont kwa Jefferson.

Faini ile Bunge liliirudisha pamoja na riba mwaka 1840. Waliipokea warithi, maana mwenyewe alifariki mwaka 1822.