Ubongo wa asiyeona upimwe akiwa njiani

Wako watu wasioona wanaotembea kwa kupiga kidoko. Mlio wa ulimi unakwenda kugonga ukuta, mti au gari lililoegeshwa, nao wanasikiliza mwangwi unavyorudi. Mmarekani Daniel Kish, aliyeondolewa macho yote mawili akiwa mtoto mchanga kwa sababu ya saratani, hata baiskeli anaendesha hivyo.

Mwaka 2011 mtafiti Lore Thaler na wenzake nchini Kanada walitaka kujua ubongo unafanya nini wakati huo. Kikwazo kilikuwa mashine ya MRI yenyewe, ile inayopiga picha za ubongo ukifanya kazi: ina makelele, na aliyelazwa ndani haruhusiwi kutikisa kichwa. Wakafanya ujanja ninaoupenda mno. Waliweka maikrofoni ndogo masikioni mwa watu wawili wasioona, wakarekodi vidoko pamoja na mwangwi wake, kisha wakawasikilizisha ndani ya mashine. Rekodi nyingine zilikuwa zilezile, ila mwangwi umefutwa. Mwangwi ulipokuwepo, sehemu ya kisogoni ambayo kwa anayeona hupokea habari za macho ilichangamka zaidi. Sehemu ya kusikia, ajabu, haikuonyesha tofauti yoyote. Watu wanaoona waliposikilizishwa rekodi hizohizo, kisogo chao hakikujali.

Ni watu wawili tu, ndiyo, lakini matokeo hayo yananitosha kuacha kusema kwamba asiyeona "anabahatisha" njia.

Linalonikera ni kwamba aliyelala chali haendi popote. Asiyeona anapovuka barabara anatumia nyayo, fimbo nyeupe, upepo unaotokea uchochoroni, harufu ya kibanda cha chipsi, muungurumo wa magari, na bado amkwepe msamaria anayemvuta mkono bila kumuuliza. Yote hayo yanaachwa nje ya mlango wa maabara. Elektrodi za EEG, vipande vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo, huvaliwa kichwani na mtu akatembea nazo, ingawa kila hatua na kila msuli wa shingo huchafua rekodi. Heri rekodi chafu ya mtu anayetembea. Na wanaowafunga kitambaa watu wanaoona ili wawe badala ya wasioona waache: huyo amenyang'anywa njia moja, na nyingine hajajifunza.

Mwaka 2021 Thaler, safari hii akiwa Durham, Uingereza, alikuwa kwenye utafiti uliowafundisha kidoko watu 12 wasioona kwa wiki 10. Miezi mitatu baadaye wote walisema wanatembea vizuri zaidi. Wanafunzi wa namna hiyo ndio ningependa wavalishwe elektrodi, kabla ya somo la kwanza na baada ya la mwisho, wakienda dukani kwa njia zao za kila siku.