Lugha ya alama haihifadhiwi kwa orodha ya maneno

Miradi mingi ya kurekodi lugha ya alama huanza vilevile. Kiziwi anasimamishwa mbele ya ukuta, anaonyeshwa picha ya samaki, kisha nazi, kisha daladala, naye anatoa alama moja moja. Video zinapandishwa mtandaoni na mradi unafungwa. Kwa maoni yangu hapo kilichohifadhiwa ni kidogo mno. Sarufi ya lugha hii iko kwenye nyusi, mdomo, mabega na macho, na katika namna mtu anavyoiweka nyumba upande huu na jirani upande ule, kisha akarudi kuvielekezea kidole. (Ndiyo maana glovu za kutafsiri alama, zinazotangazwa kila baada ya muda, hazinishawishi. Glovu haioni uso.)

Rekodi maongezi. Hapa Tanga, waketishe viziwi wawili wanaojuana, mmoja wa Ngamiani na mwingine wa Pangani, ikiwezekana mzee na kijana, wapige soga nusu saa. Wanaosikia watoke chumbani, maana wakibaki, viziwi watapunguza mwendo na kuanza kufuata mpangilio wa Kiswahili ili waeleweke. Kila mtu awe na kamera yake, imchukue kuanzia juu kidogo ya kichwa hadi mapajani, na viwiko vipate nafasi. Kamera ya tatu iwachukue wote. Piga kofi moja linaloonekana na kamera zote. Ndilo utakalotumia kuoanisha video.

Fremu 25 kwa sekunde hazitoshi, vidole vinavyotahajia jina hugeuka ukungu. Weka 50, na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) iwe 1/100 ya sekunde. Simu nyingi zina 30 na 60 tu, na hiyo 60 chini ya taa za tyubu, kwa umeme wetu wa hezi 50, huleta mistari inayopepesa. Basi tumia mwanga wa dirisha, dirisha likiwa nyuma ya kamera. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda barazani, kwa unyevu huu wa pwani, lenzi hushika mvuke. Isubiri ikauke yenyewe. Kuhamisha video tumia waya, kwani WhatsApp huibana. Tena simu hubadilisha kasi ya fremu kimyakimya, hivyo igeuze video iwe ya kasi moja kabla ya kuanza kuichambua, la sivyo maandishi ya uchambuzi na mikono kwenye video vitaachana.

Uchambuzi ndio kazi yenyewe. ELAN, programu ya bure iliyotengenezwa Nijmegen, Uholanzi, hukupa matabaka chini ya video: mkono wa kulia, wa kushoto, uso, tafsiri. Alama moja ipewe lebo ileile kila inapotokea, hata maana ikibadilika kidogo, vinginevyo hutaweza kuitafuta. Dakika 1 ya maongezi inaweza kula saa kadhaa, na anayeifaa kazi hiyo ni kiziwi aliyefundishwa na anayelipwa. Ningepunguza bajeti ya kamera kabla ya kugusa posho yake.

Ridhaa nayo ichukuliwe kwa alama, kwenye video. Karatasi ya Kiswahili kigumu haitoshi, na uso hauwezi kufichwa bila kuifuta lugha. Mwulize kila mmoja mambo matatu mbalimbali: watafiti waone? Walimu watumie? Iwekwe hadharani? Majibu yake yaandikwe kwenye jina la faili, ili atakayelifungua miaka ijayo asilazimike kukisia.