Hakimiliki Bila Daftari: Flashi, Akili Mnemba na Mtunzi wa Kanda ya Ziwa

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Na. 7 ya mwaka 1999, ilitungwa wakati nakala ya wimbo ilikuwa kitu cha kushika mkononi: kaseti iliyosafirishwa ndani ya katoni, ikapangwa dukani, ikauzwa moja moja. Aliyedhibiti unakili alidhibiti na mapato. Leo katika vibanda vya nyimbo jijini Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi stendi ya Nyegezi, mteja, ambaye mara nyingi ni bodaboda au dereva wa hiace, anakabidhi flashi yake. Kijana anaichomeka kwenye kompyuta, anafungua folda ya Bongo Fleva, ya kwaya na ya nyimbo za Kisukuma, anahamisha mamia ya nyimbo kwa mkupuo, na mteja anaondoka kabla hajamaliza soda. Anachotozwa hakifikii bei ya sahani moja ya sato, na katika fedha hiyo mwimbaji hana chake.

Kisheria jambo hili halina utata mkubwa. Hakimiliki huanza pale kazi inapobuniwa, bila kusubiri usajili, na hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wanaotaka vibanda vifungwe wanakumbusha kwamba mtunzi amelipa studio, wapiga vyombo na mpiga picha wa video kwa fedha yake, na kwamba hakuna fundi mwingine ambaye jamii ingemtazama akinyimwa ujira ikaona ni kawaida. Serikali nayo imejaribu: mwaka 2013 ilianza utaratibu wa kubandika stika za kodi kwenye kazi za muziki na filamu. Tatizo ni kwamba stika hubandikwa juu ya kasha, na flashi ya bodaboda haina kasha.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Mwimbaji wa asili wa Magu, Kwimba au Misungwi, asiye na kampuni ya kumsambazia kazi wala mtangazaji wa kumpigia debe, mara nyingi huupeleka wimbo kibandani yeye mwenyewe, kwa sababu ndipo utakapotoka uende kwenye magari, kwenye mialo na visiwani Ukerewe. Umaarufu huo ndio unaomletea mialiko ya harusi na ngoma za mavuno, na hapo ndipo anapolipwa. Ukikifunga kibanda, umekata njia pekee ya usambazaji aliyonayo. Hoja hii ina ukweli, ila hutumiwa kupita kiasi. Aliyeridhia wimbo mmoja ugawiwe bure hakuridhia nyimbo zake zote ziuzwe daima, na mialiko haimsaidii mzee ambaye sauti imekwisha, wala wajane na yatima ambao sheria imewapa miaka 50 ya kunufaika na kazi ya marehemu.

Kwa maoni yangu, madhara makubwa zaidi ya kibanda si kule kunakili. Ukilifungua faili lenyewe utakuta pale palipopaswa kuwa na jina la mwimbaji pamewekwa jina la kibanda na namba ya simu ya mwenye kompyuta. Wimbo ukishapita vibanda viwili vitatu kwa mtindo huo, hakuna anayeweza kuthibitisha ni wa nani, na hata mtu mwaminifu anayetaka kulipa hajui amlipe nani.

Ndiyo maana suluhisho linalosifiwa sana, yaani tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi, linanitia shaka kidogo. Wazo si geni. Ujerumani ililiweka katika sheria yake mwaka 1965, na Tanzania nayo imelichukua kwa kiwango cha asilimia 1.5. Faida yake ni kwamba halimkimbizi kijana wa kibandani. Linakusanya fedha pale kifaa kinapoingia sokoni. Wakosoaji wanasema, na hawajakosea, kwamba mtu anayenunua flashi ili ahifadhi picha za familia analipia nyimbo ambazo hajawahi kuzisikiliza. Mimi ningeivumilia dhuluma hiyo ndogo iwapo fedha ingemfikia anayestahili. Lakini mgawo wa mirabaha hutegemea kumbukumbu za kazi zilizosajiliwa na orodha za nyimbo zilizopigwa redioni, na wimbo wa Kisukuma unaoishi kwenye flashi hauonekani katika kumbukumbu hizo. Unalipiwa na bodaboda wa Buzuruga, halafu fedha yake inamwendea msanii ambaye tayari anajulikana.

Vitabu vina mjadala wake, nami nitaupitia kwa kifupi. Stesheneri zilizo jirani na vyuo hutoa kopi ya kitabu kizima kwa sehemu ndogo ya bei yake, na watetezi wake hukumbusha kwamba nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zimepewa hadi Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya TRIPS, yaani mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu. Ni kweli, ila msamaha huo hauifuti sheria ya nchi, wala hauiondoi Tanzania katika Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, ambao imo tangu 1994.

Akili mnemba imeufanya mjadala wote huu kuwa mgumu zaidi, kwa sababu mashine hujifunza kutoka kwenye kazi bila kuacha nakala ambayo mwenye kazi anaweza kuiona na kuishika. Kuhusu kinachozalishwa na mashine, msimamo uko wazi kiasi: sheria yetu inamtambua mtunzi kuwa ni binadamu, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa mjini Washington, katika shauri la Stephen Thaler, aliyeomba hakimiliki ya picha iliyobuniwa na mashine yake, ilishikilia kwamba kazi ambayo mtunzi wake ni mashine pekee haina hakimiliki. Kuhusu kinachomezwa na mashine bado watu wanabishana. Mwaka huohuo jaji wa San Francisco aliamua kwamba kuifundisha mashine kwa vitabu kulikuwa matumizi halali, lakini kujikusanyia maktaba ya vitabu vya wizi hakukuwa halali, na kampuni iliyoshtakiwa, Anthropic inayotengeneza akili mnemba, ikakubali kulipa dola bilioni 1.5. Malipo yalikuwa kama dola 3,000 kwa kila kitabu. Jambo la kuzingatia kwetu ni sharti lililowekwa: vilivyohesabiwa ni vitabu vilivyokuwa vimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Ambaye hakuwa kwenye daftari hakuwa kwenye mgawo.

Wapo wanaosema watunzi wa Kanda ya Ziwa wazizuie kabisa nyimbo zao zisiguswe na mashine. Siungani nao moja kwa moja, maana lugha isiyoingia humo itaachwa nje ya zana ambazo wajukuu wetu watazitumia shuleni na kazini, na Kisukuma, pamoja na wingi wa wasemaji wake, kina maandishi machache. Hata hivyo nyimbo za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma, si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kuomba idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Sijui kwa nini kifungu hicho kinatajwa kwa nadra hivyo, ilhali ndicho chenye nguvu zaidi ya kuiita kampuni ya ng'ambo mezani.

Kwa hiyo, kama ningepewa kuchagua mahali pa kuweka nguvu, nisingeanza na msako wa vibandani. Ningempa kijana wa kibanda leseni ya gharama nafuu kwa sharti la kutofuta jina la mwimbaji kwenye faili na kuwasilisha orodha ya alichouza, na ningempeleka ofisa wa COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, hadi Kisesa na Misungwi msimu wa ngoma, akiwa na kinasa sauti na fomu za usajili, ili mtunzi asilazimike kuifuata ofisi ambayo pengine hajui kama ipo.